Nadhiri za Watawa: Mshahara wa Sista Huenda Wapi?

Kuna maswali ambayo huulizwa bwenini taa zikishazimwa, wala hayaulizwi darasani. Je, sista hulipwa mshahara kama walimu wengine? Akilipwa, pesa hizo anazipeleka wapi ilhali hana watoto wala nyumba ya kujenga? Je, bradha ni padri ambaye hakufuzu mtihani? Eti mtu akishaingia utawani hatoki tena mpaka afe? Na lile la mwisho, ambalo wavulana hulipenda kuliko yote: eti masista ni wasichana waliokosa wachumba?

Nimeyafuatilia maswali hayo kwa kusoma na kwa kuwauliza wahusika wenyewe, na nimeona heri niyajibu hapa katika jarida la chama chetu. Wako miongoni mwetu wanaofikiria kuifuata njia hiyo wakimaliza shule. Yafaa wajue wanachoahidi kabla ya kuahidi. Na wale wanaocheka, basi angalau wajue wanachokicheka.

Tuanze na maneno, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Neno "mtawa" halikubuniwa na wamisheni. Waswahili wa pwani walikuwa nalo tangu zamani. Kutawa ni kukaa ndani, kutoonekana ovyo hadharani, na mwanamke mtawa alikuwa ni yule anayekaa nyumbani kwa heshima zake. Kanisa lilipotafuta jina la watu walioyapa mgongo mambo ya dunia, likaliazima neno hilo na kulivika joho jipya. "Nadhiri" nalo lilitoka kwenye Kiarabu, na ndugu zetu Waislamu wanalitumia hadi leo. Mtu humwahidi Mungu kwamba akipona ugonjwa atafunga siku kadhaa au atachinja mbuzi awape maskini, na akipona hana budi kuiondoa nadhiri yake. Nadhiri ya mtawa haina hilo "nikipona". Haina sharti, tena haihusu mbuzi, inahusu maisha yake mwenyewe. Ikiwa ahadi ni deni, kama walivyosema wahenga, basi hili ni deni linalolipwa kila siku asubuhi mtu aamkapo.

Watu wengi huchanganya padri na mtawa, kwa hiyo natupambanue. Mapadri ni wa aina mbili. Yuko padri wa jimbo, ambaye yuko chini ya askofu wa jimbo lake. Huyo humwahidi askofu utii, na huahidi kutooa, lakini haweki nadhiri ya ufukara. Ukimwona amenunua gari au kipande cha shamba kwa pesa zake halali, usiende ukisema kwamba padri fulani amevunja nadhiri. Nadhiri gani? Hakuiweka. Halafu yuko padri ambaye pia ni mtawa, yaani ni mwanachama wa shirika, kama vile la Roho Mtakatifu, la Consolata au la Wajesuiti. Huyo ana nadhiri zote tatu: ufukara, useja na utii. Bradha naye ni mtawa kamili ila hakupewa daraja la upadri, na wengi wao hawakuutaka kabisa. Fransisko wa Assisi, ambaye maelfu ya mapadri huvaa kanzu ya kahawia kwa ajili yake, yeye mwenyewe hakuwa padri. Kwa hiyo lile swali la bradha aliyeanguka mtihani tulizike leo.

Jambo ambalo vitabu vyetu vya historia havilitaji sana ni kwamba utawa wa Kikristo ulistawi kwanza hapa hapa Afrika. Huko Misri, Antoni alirithi shamba la wazazi wake, akaliuza, akawagawia maskini fedha, akaenda kuishi jangwani peke yake. Alifariki mwaka 356. Mwenzake Pakomi, Mmisri vilevile, aliona kwamba kuishi peke yako jangwani si kwa kila mtu, akawakusanya wenzake wakae pamoja chini ya kanuni moja, wakila pamoja na kufanya kazi pamoja. Mtindo huo ulivuka bahari ukafika Ulaya. Benedikto wa Nursia, huko Italia katika karne ya 6, aliandika kanuni yenye sura 73 ambayo watawa wake wanaifuata hadi sasa. Wabenedikto hawa wana nadhiri zao za namna ya pekee. Pamoja na utii, huahidi kuishi maisha ya kitawa, na huahidi pia kudumu, yaani kubaki katika monasteri ile ile waliyoingia. Nenda Peramiho, kusini mwa Tanzania, ambako walifika mwaka 1898, au Ndanda, walikoanza mwaka 1906, uone maana ya kudumu: shule, hospitali, karakana, mitambo ya kuchapia vitabu. Wengi wetu tumesoma vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Peramiho au Ndanda bila kujua kwamba nyuma ya mitambo hiyo walisimama watu walioapa kutohama. Hapa kwetu Kenya wako Tigoni, karibu na Limuru.

Katika karne ya 13 Fransisko akaja na kinyume chake. Yeye hakutaka ndugu zake wawe na monasteri kubwa wala mashamba. Alitaka watembee mijini, wafanye kazi, na wakikosa waombe. Mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyavua hata mavazi yake mbele ya askofu akamrudishia babake! Wajesuiti nao, walioidhinishwa mwaka 1540, huongeza nadhiri ya nne, ya kumtii Papa akiwatuma popote. Mama Teresa wa Calcutta alikuwa sista wa Loreto, shirika lile lile lililokuja Kenya mwaka 1921 na ambalo shule zake tunashindana nazo katika tamasha za muziki. Mwaka 1948 alitoka Loreto kwa ruhusa, na mwaka 1950 shirika lake jipya likakubaliwa. Masista wake wana nadhiri ya nne ya kuwahudumia bure walio maskini kuliko maskini wote.

Nisije nikadhaniwa nasema ni mambo ya Wakatoliki peke yao. Waorthodoksi wana watawa wao tangu hapo kale. Waanglikana pia wanao: Askofu Frank Weston alianzisha shirika la masista huko Zanzibar mwaka 1911, na Masasi, Tanzania, kuna Chama cha Mariamu Mtakatifu. Walutheri ndio wenye kisa. Martin Luther alikuwa mtawa wa Kiagustino, akafikia kuamini kwamba nadhiri hizi hazimfanyi mtu awe karibu zaidi na Mungu, na mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, ambaye naye alikuwa ametoroka utawani. Wengi wa Waprotestanti walifuata mawazo hayo, ndiyo sababu rafiki zako wa makanisa hayo hushangaa sana wakisikia habari za masista.

Sasa turudi kwenye mshahara. Sista anayefundisha katika shule ya serikali na kuajiriwa na TSC hulipwa sawa na mwalimu mwingine wa daraja lake. Hakatwi kwa kuwa ni sista, wala haongezwi. Lakini sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1983 zinasema wazi kwamba chochote mtawa anachokipata kwa kazi yake, anakipatia shirika. Hata malipo ya uzeeni, akistaafu, kwa kawaida ni ya shirika. Pesa zinaingia katika hazina moja. Humo ndimo kinamotoka chakula cha nyumba nzima, dawa za masista wazee, karo ya masista vijana walio chuoni, na gharama za zahanati ambayo pengine haiingizi hata senti moja. Yeye mwenyewe akitaka viatu, anaomba viatu. Akitaka nauli ya kwenda kumwona mamake, anaomba nauli.

Nilimuuliza sista mmoja mwalimu kama haoni aibu kuomba pesa ambazo ni jasho lake. Akacheka sana. Akaniambia kwamba kuomba viatu alishazoea. Kilichomwuma ni mwaka ambao mdogo wake alikosa karo, na majirani wakawa wanamshangaa babake: una binti anayefundisha sekondari, mwanao mwingine anafukuzwa shule kwa nini? Alieleza shida hiyo kwa mkuu wa nyumba yao. Walimsaidia, lakini kwa kiasi, kwa sababu masista wengine wa nyumba ile nao walikuwa na ndugu wenye shida.

Hapa ndipo naona ugumu wote ulipo, na ndipo hatupazungumzii. Sisi tunafikiri nadhiri ngumu ni ile ya kutooa au kutoolewa. Katika nchi yetu, ambapo kijana akipata kazi ukoo mzima hupumua, nadhiri nzito ni ya ufukara, kwa sababu haimgusi aliyeiweka peke yake. Mzee aliyeuza ng'ombe ili binti yake asome hakuweka nadhiri yoyote mbele ya altare, lakini naye analipa. Mahari hapati, mshahara hauoni. Mashirika yenye busara huzungumza na wazazi mapema ili wajue. Ambayo hayafanyi hivyo, kwa maoni yangu, yanamtwika binti mzigo wa kueleza jambo ambalo yeye mwenyewe hajalielewa bado.

Na urithi je? Hili nalo lilinishangaza. Katika mashirika mengi, mtawa akigawiwa shamba na babake halipotei. Kabla ya nadhiri za kwanza humkabidhi mtu amtakaye usimamizi wa mali yake, na kuamua mapato yake yamfae nani. Kabla ya nadhiri za daima huandika wasia, tena wasia unaotambulika hata mbele ya sheria za nchi. Kwa hiyo anaweza kuwa na shamba kwa jina, ila halilimi kwa faida yake mwenyewe. Ndugu wanaodhani kwamba dada yao "amekufa" katika mambo ya urithi kwa kuwa ameingia utawani wanajidanganya, au wanamdanganya yeye. Mashirika mengine, kama vile Wafransisko, ni makali zaidi, na mwenye nadhiri za daima huachana na mali yake yote kabisa.

Nikitaja Wafransisko namkumbuka Bradha Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa Keriko, huko Njoro. Machi 2019 alitunukiwa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni moja. Magazeti yote yalishangaa kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mapato yake kuwasaidia wenye shida. Ilistahili kusifiwa, sikatai. Lakini magazeti mengi yaliliandika jambo hilo kama tabia yake tu ya ukarimu, wakati mtu huyu alikuwa mtawa. Kutojiwekea mshahara ndiyo ahadi aliyoiahidi.

Kuhusu useja sina mengi. Mtawa haahidi kwamba hatapenda mtu yeyote wala hasemi kwamba ndoa ni chafu. Anaahidi kutokuwa na mume au mke ili awe huru kwa kazi ya Mungu. Lile swali la wavulana lijibiwe hivi: mwenye ndoa haruhusiwi kuingia, anayelazimishwa na wazazi au kutishwa akiingia huhesabiwa kwamba hakuingia, na anayekimbilia huko kwa sababu ya kuvunjwa moyo na mpenzi kwa kawaida hurudishwa nyumbani akapoe kwanza. Walezi wa utawani wana macho makali kuliko mwalimu wa zamu.

Utii je? Huu unaeleweka zaidi ukiutazama katika maisha ya mtu. Irene Stefani alizaliwa Italia mwaka 1891, akawa sista wa Consolata, na mwaka 1915 akaletwa Kenya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewaka. Maelfu ya Waafrika walilazimishwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, wale ambao kwa ajili yao tuna majina Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walikufa kwa kuhara na kwa njaa kuliko kwa risasi. Sista Irene akatumwa kuwauguza, Voi kwanza, halafu Kilwa na Lindi. Hakuchagua. Vita vilipokwisha akapelekwa Gikondi, Nyeri, kufundisha, na huko alikaa miaka 10 akizunguka vijijini kwa miguu. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Mwaka 1930 aliambukizwa tauni alipokuwa akimuuguza mgonjwa, akafa Oktoba 31, akiwa na umri wa miaka 39. Mei 23, 2015, alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri kwenyewe.

Huo ndio utii ukienda vizuri. Kuna siku hauendi vizuri, tusifiche. Mkuu wa shirika ni binadamu. Anaweza kumhamisha mwalimu hodari akamweka stoo, na mhamishwa akafungasha sanduku lake huku machozi yanamtoka. Hata hivyo mamlaka yake yana mipaka: hawezi kuamuru dhambi, wala hawezi kuamuru kinyume cha kanuni ya shirika, na mkuu mwenyewe huchaguliwa au kuteuliwa kwa muda maalumu, kisha anarudi kuwa mtawa wa kawaida na kuamriwa na yule aliyekuwa akimwamuru jana. Natamani viongozi wengine wa nchi yetu wangeuiga mtindo huo.

Safu hii haiwezi kupita bila kumtaja Charles Sacleux, padri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alitumwa Zanzibar mwaka 1879 na kufanya kazi huko na Bagamoyo. Alikusanya maneno ya Kiswahili ya lahaja mbalimbali kwa subira isiyo kifani, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikachapwa Paris mwaka 1939, yeye akiwa amepita miaka 80. Wataalamu bado wanaifungua. Tukilalamika kwamba insha ya kurasa 2 ni ndefu, tumkumbuke.

Basi, mtu huingiaje? Si kwa siku moja. Kwanza hukaa na shirika kwa muda, akiangalia na kuangaliwa. Halafu huja unovisi, ambao sheria inataka uwe wa miezi 12 kamili kwa uchache na usizidi miaka 2, na mtu awe ametimiza miaka 17. Huo ni mwaka wa sala, kazi za mikono na kufundishwa kanuni. Wengi huondoka hapo, na hakuna anayewalaumu. Baadaye, akiwa na miaka 18 au zaidi, huweka nadhiri za muda. Hizi hudumu miaka 3 hadi 6, na zaweza kuongezwa hadi 9. Muda ukiisha anaweza kusema asanteni, kwaherini, akaenda zake bila dhambi yoyote. Shirika nalo laweza kumwambia vivyo hivyo. Nadhiri za daima haziwezi kuwekwa kabla ya miaka 21, na siku hizi wengi huziweka wakiwa wamepita hapo kwa mbali.

Baada ya hizo za daima, kutoka kunawezekana, lakini kwa ruhusa kutoka juu: kama shirika ni la jimbo, askofu anaweza kuitoa, na kama liko chini ya Papa, maombi huenda mpaka Roma. Sasa sikilizeni sehemu hii enyi mnaofikiria kuingia. Sheria inasema anayetoka hawezi kulidai shirika malipo kwa kazi aliyolifanyia. Miaka 20 ya mishahara imekwenda. Papo hapo sheria hiyo hiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo. Yako mashirika yanayompa anayetoka kianzio cha maisha, na yako yanayompa nauli tu. Ni swali halali kuwauliza wanaokuja kutualika, na kwa maoni yangu linafaa kutangulia swali la rangi ya kitambaa cha kichwani. Waulizeni pia: mzazi wangu akiugua, mtafanya nini? Nikitaka kusoma chuo, nani anaamua nisome nini?

Na lipo jingine, ambalo wasichana wawili wa darasa letu walibishana juu yake hadi kengele ikalia. Kwetu, mtu akifa huzikwa nyumbani, kando ya mababu zake, na kesi hufika hadi mahakamani kwa ajili hiyo. Mtawa kwa kawaida huzikwa katika makaburi ya shirika lake. Wazazi, ndugu na jamaa huja kama wageni, wakaketi pamoja na masista. Ukipita katika makaburi hayo utaona misalaba yenye urefu mmoja imepangwa kwa safu, aliyekuwa mkuu wa shirika karibu na aliyekuwa mpishi, na chini ya kila jina tarehe 3: ya kuzaliwa, ya kuweka nadhiri, na ya kufa.